Mwani wa Bibi na Taa Zote za Baba

Muuza taa akikwambia "dada, hii inafaa kwa kila kitu," elewa kwamba haifai kwa chochote. Hilo nalijua tangu mdogo, na bado mwezi uliopita nilisimama Darajani mbele ya kijana wa namna hiyo, mkoba begani, na ndani ya mkoba mfuko wa mwani mbichi nilioletewa kutoka Matemwe, umeshaanza kuvuja. Kijana ananitolea taa za LED za kila umbo, ndefu, za duara, za kubandika, na kila anayoitoa ni bora kuliko ile aliyoapa sasa hivi kwamba ndiyo bora. Nikamwambia nataka ya kuoteshea mwani ndani ya tangi la vioo, maji ya chumvi, nyumbani. Akanitazama kama niliyemwambia nafuga papa bafuni.

"Mwani si huota baharini, dada?" Halafu akakunja pua. "Na hii harufu ya nini?"

Harufu ilikuwa yangu, yaani ya mkoba wangu. Na harufu ile, ya chumvi na ya kitu kibichi kinachofikiria kuoza lakini hakijaamua, ilinipandisha pale pale ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe mpaka chumbani kwa Bibi, nikamwacha yule kijana anaapa peke yake.

Wenzangu mliokulia nyumba zile hamna haja ya kuelezwa. Kuta nene kiasi mtu angeweza kuchimba kitanda humo ndani akalala. Dirisha letu na la jirani yetu, Bi Zuhura, yalitazamana kwa karibu hivi kwamba ungeweza kunyoosha mkono ukamkorogea chai. Na jua lilikuwa likija chumbani kwa Bibi kama mgeni mwenye safari: linagusa pazia, linauliza hali, linaaga. Kwa chumba cha kulala, baridi yake raha tupu. Kwa kuoteshea mwani, afadhali kabatini.

Bibi ni mama yake baba. Alikuwa mtu wa Matemwe, mkulima wa mwani, na aliletwa mjini kutolewa mtoto wa jicho. Jicho likapona, likaona hata yasiyotakiwa kuonwa, kama vumbi juu ya kabati la mama. Hapo baba akaamua kwamba Bibi asirudi shamba. Alikuwa peke yake kule, babu keshafariki, na baba alishajiaminisha kwamba siku moja ataletewa habari mbaya kazini, katikati ya kupima kitambaa. Baba alikuwa akiuza vitambaa, na wasiwasi wake alikuwa akiukunjua hivyo hivyo, yadi kwa yadi.

"Ukianguka chooni huko, mama, nani atakuokota?"

"Kuanguka nshaanguka chungu nzima," Bibi alisema. "Na kuokotwa nshaokotwa."

"Basi sema unakosa nini hapa kwetu."

"Bahari."

"Mama, bahari si hiyo hapo, ukitoka uchochoroni tu umeshaifika."

"Hiyo ya kutazamia," Bibi akasema. "Yangu mimi ya kufanyia kazi."

Mtu mwingine angenyamaza. Baba yangu hakuumbwa hivyo. Alikuwa na binamu aliyefanya kazi hotelini Kendwa, na hoteli ile ilikuwa inabadilisha mapambo, inatupa tangi lake la samaki la ukumbini. Baba akalichukua. Walilipandisha ngazi zetu wanaume wengi mpaka nikadhani wanatupandishia meli, na mama amesimama juu, mikono kiunoni, akihesabu mikwaruzo ukutani. Lilikuja na kila kitu. Pampu ilikuja, changarawe zikaja, hata kijumba cha plastiki chenye mlango wa samaki kilikuja. Kitu kimoja tu hakikuja: taa yake. Hoteli iliibakisha, maana taa ndiyo iliyokuwa na thamani. Sisi tulipewa sanduku.

Baba akalijaza sanduku lile maji ya bahari, dumu kwa dumu, kutoka Shangani mpaka chumbani. Ngazi zikawa zinateleza kwa chumvi, mikeka ikawa inanata. "Nimeolewa na mtu wa vitambaa," mama akawa anasema kila dumu linapopita, "sasa nakaa na mtu wa maji." Bibi akaagizia vipande vya mwani kutoka kwao. Akatandika kamba ndani ya tangi, kutoka pembe hadi pembe, akafunga vile vipande kwa vijikamba, vidole vyake vikienda vyenyewe huku yeye anaongea mambo mengine kabisa. Alipomaliza akajifuta mikono, akasema maneno yaliyotuweka wote roho juu kwa msimu mzima.

"Ukiota humu, nitakaa. Ukikataa, unirejeshe kwangu."

Baba akasema, "Nimekubali," kwa sauti ya mtu aliyeshashinda.

Nami nikasherehekea naye. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na Bibi, na tangu aje sikuwahi kuogopa tena ule upepo unaopiga miluzi darini kwetu. Alikuwa ananikuna mgongo mpaka nisinzie na hajachoka. Nikajua basi, kazi yangu duniani ni mwani ule uote. Kila asubuhi kabla ya chuo cha Kurani nilikwenda kuutazama kwa karibu sana, pua kwenye kioo, nikiusihi.

Sasa njooni kwenye taa, mnihurumie.

Ya kwanza ilikuwa balbu ya kawaida ya LED, ya rangi ya samli. Muuzaji alimwambia baba inafaa kwa kila kitu. Chini ya mwanga ule mwani ulionekana umekaangwa, na ulikaa vile vile, haukuota, haukufa, kama mgeni anayengoja chakula na hakuna anayepika. Baba akauliza watu wa kahawa barazani. Mmoja akasema samaki wanataka rangi. Hakuna aliyemuuliza kuhusu samaki, lakini baba alisikia "rangi" tu, akarudi na taa za harusi.

Mnazijua, zile za mkanda, zinazotandikwa nyumba nzima siku ya shughuli: nyekundu, kijani, buluu, kisha zinachanganyikiwa zote pamoja. Baba alizizungusha tangi zima, akawasha, na Bi Zuhura akafungua dirisha lake.

"Mama Salma."

"Naam, Bi Zuhura."

"Harusi ya nani?"

"Hakuna harusi. Taa za mwani hizo."

Bi Zuhura akachungulia tena. "Za mwani."

"Naam."

"Kama hamtaki kunialika, semeni, Mama Salma. Msiusingizie mwani."

Dirisha likafungwa. Mama akapika visheti, akampelekea sahani kamili ya kumbembeleza. Sahani ikarudi tupu. Kwetu sahani hairudi tupu, hata ukitia ndani limau moja umejibu. Sahani tupu ni tangazo la vita. Mama aliitazama ile sahani, akatazama tangi linalowaka nyekundu na kijani, akamwambia baba, "Umenigombanisha na mtu ninayeanika naye nguo kamba moja. Kwa majani." Na mwani wenyewe, baada ya harusi yote ile, ulikuwa umepauka ncha.

Ya tatu, Mungu anisamehe nikicheka, ilikuwa taa ya mbele ya pikipiki. Nayo ya LED, nayo rahisi, nayo inafaa kwa kila kitu. Ilitoa mwanga mwembamba mkali kama kidole cha mwalimu: kishada kimoja kilimulikwa mpaka kikaungua, vingine vyote vikabaki kizani. Katikati ya hayo baba alileta na samaki, ili Bibi achangamke. Alimtoa kwenye mfuko wa nailoni kwa fahari. Alikuwa samaki wa chafi, mdogo.

Bibi alimtazama yule samaki, kisha akamtazama mwanawe. "Unatia chafi kwenye mwani?"

"Mzuri, mama. Ana madoa."

"Shambani kwetu tunashinda tukimfukuza huyo. Kesho utatia mbuzi kwenye mchicha."

Chafi akarudishwa baharini ndani ya kopo la maziwa, keshajipatia chakula cha mchana.

Baba alichoka, lakini alichoka kwa namna yake, yaani alizidi. Hakuwa anaweza tena kupita duka la umeme bila kuingia. Alikuwa anakula akitazama balbu ya jikoni kwa jicho la kuishuku. Mama akamwambia bila kuficha, "Mchukue mama yako, umpeleke kwao, umtembelee kila Ijumaa. Kuna ubaya gani?" Baba akasema hajazaliwa mtu wa kumshinda kwa jani la bahari. Nikampenda sana siku ile, maana nilijua anapigania mgongo wangu ukunwe.

Halafu akaja na taa ya dagaa.

Wavuvi wa dagaa siku hizi wanatumia LED, nyeupe kali, wanaishusha juu ya maji gizani na dagaa wanakuja wenyewe. Baba aliipata kwa mvuvi mmoja aliyekuwa anabadilisha zake. Upande mmoja ilikuwa na ufa, ndiyo maana aliimudu. Akaitundika kwenye ndoano ya chandarua, juu ya tangi, akawasha. Wallahi sijapata kuona weupe kama ule. Ulipita dirishani, ukavuka uchochoro, ukahesabu vyombo kabatini kwa Bi Zuhura. Wadudu wa Unguja nzima waliitana. Bibi akaziba jicho lake jipya kwa kiganja, akasema, "Nshapasuliwa mara moja, baba, inatosha." Mimi niliposikia kwamba taa ile inaita dagaa kutoka mbali, nilichukua sufuria nikaiweka kwenye ngazi, nikitegemea kwamba wakianza kupanda kutoka Shangani wapate pa kuingia. Mama alijikwaa kwenye sufuria ile. Aliyoyasema siyaandiki.

Lakini mwani uliota.

Nasema uliota. Vilitokea vidole vidogo vya kahawia, vinene, vinang'aa, mwanzo huku, kesho kule. Baba aliita watu wa barazani wapande kuona. Bi Zuhura mwenyewe akafungua dirisha, akatazama, akasema, "Kumbe kweli mwani," na kesho yake akatuletea sahani ya vileja, vita vikaisha. Bibi aliuinamia mwani wake, akaupapasa kwa kidole, akasema, "Mwanangu, umeweza." Baba alitabasamu mpaka masikioni. Bibi alikaa kitandani, akautazama ukuta. Nilidhani amechoshwa na furaha, watu wazima huchoka upesi.

Tokea hapo nikawa naona jambo. Baba akishakwenda dukani, Bibi alikuwa akitoa kanga yake sandukuni, anaikunja mara mbili, anaitandaza juu ya tangi, chini ya taa, na kuichomeka vizuri pembeni, kama mtu anavyomfunika mtoto. Kabla baba hajarudi anaikunjua, anaianika. Mtu mpenda visa atataka kanga ile iwe na maneno mazito. Haikuwa nayo. Ilikuwa ya maua ya korosho, na maneno yake yalishafifia zamani, hayasomeki.

"Bibi, mbona unaufunika?"

"Unapumzika."

"Umechoka?"

"Ukiamkia taa hiyo kila siku na wewe utachoka."

Nikaelewa. Yaani nikajiona nimeelewa. Chakula kizuri tunakifunika, mtoto mchanga mzuri tunamfunika, kwa kuogopa jicho la mtu. Na Bi Zuhura alishautazama mwani ule kwa macho mawili na kuusifu bila kusema mashaallah, nilimsikia mwenyewe. Basi Bibi anaulinda. Mimi nami nikaunga mkono: kila nirudipo chuoni nilikuwa naenda moja kwa moja kufunga dirisha lile, giza lizidi, jicho lisipite.

Mwani ukaanza kupauka. Ncha kwanza. Kisha ukawa mweupe, laini, kama tambi zilizolowekwa, unakatika wenyewe na kuzama. Baba akaisogeza taa chini, akaisogeza juu, akabadilisha maji, akafuta vioo. Alikuwa na uso wa mtu anayeibiwa na hajui mwizi anapitia wapi.

Siku moja alirudi mchana, si desturi yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na kitabu. Alinipita haraka, akapanda, nikamsikia anasimama mlangoni kwa Bibi. Bibi muda huo hulala. Sikusikia neno. Baada ya kitambo akashuka polepole, miguu mitupu, viatu vyake mkononi.

"Umesahau nini, baba?"

"Ufunguo. Nshaupata."

Mkononi hakuwa na ufunguo wowote, alikuwa na viatu tu. Alivivaa chini kabisa, nje ya mlango, akakaa barazani kidogo, kisha akaenda zake.

Jioni ile, tunakunywa chai, alisema akitazama kikombe. "Mama, mwani umekataa."

"Umekataa, mwanangu," Bibi akajibu upesi. "Na wewe umejitahidi. Hakuna asiyeona."

"Taa mbovu."

"Taa mbovu," Bibi akasema. "Ina ufa, masikini."

Wakaangaliana, na baba akamsogezea mkate. Nililia mpaka nikatapika chai. Niliichukia taa ile kuliko nilivyomchukia kiumbe yeyote mwenye roho. Ijumaa wakamrejesha Bibi Matemwe, na mgongo wangu ukajikuna wenyewe. Aliishi huko miaka na miaka, akifunga mwani wake, na chooni hakuanguka hata siku moja. Alianguka harusini, akicheza, akaokotwa na watu wanane, wote wakicheka, yeye wa kwanza.

Chuki yangu lakini haikuanguka. Nilipokuja kumalizia masomo ya jioni, mtu mzima tayari, nimetoka kazini na njaa inauma, wenzangu wanasinzia kwenye somo la fizikia, mimi pale kwenye mada ya mwanga niliamka. Nilitaka kujua ile taa ilitukosea nini. Nilifaulu kwa kinyongo, cheti kipo. Kwa hiyo kijana wa Darajani hakuwa anaongea na mtu wa hivi hivi. Nilimwambia nipe nyeupe ya mchana yenye buluu ndani, ndefu sawa na tangi, isiyobadilika rangi, na usiniambie inafaa kwa kila kitu. Akanipa, bei ya kibinadamu, akanyamaza.

Maana tangi ni kwa ajili ya baba. Mama hatunaye tena. Baba amebaki peke yake katika nyumba ile, na zile ngazi, na magoti yale, na mimi nna nyumba Fuoni, chini, haina ngazi hata moja. Nimembembeleza mwaka mzima. Nilipomwambia kuhusu tangi na mwani alicheka sana, akajifuta macho, akasema, "Haya. Nitakuja. Ukiota humo, nitakaa."

Akaja. Nikaitundika taa yangu, nikafunga vipande kama Bibi alivyofunga. Na mwani, jamani, ukaota, tena kwa adabu, kila kishada. Nikaupiga picha, nikamtumia kila mtu. Baba aliupapasa kwa kidole. "Salma, umeweza," akasema.

Jana nimetoka kazini mapema. Nimeingia kimya, nikidhani amelala, na kweli alikuwa amelala kitini. Taa yangu inawaka vizuri, nyeupe yenye buluu ndani. Na chini yake, juu ya tangi, kimetandazwa kikoi, kimekunjwa mara mbili, kimechomekwa pembeni vizuri kama anavyofunikwa mtoto. Kikoi chenyewe nilimnunulia mimi, Idi.

Nilisimama pale na hasira zangu zote, za jana na za utotoni, nikizitafutia pa kuziweka. Taa ya dagaa haikuwa na kosa. Miaka yote hii. Nilivua viatu, nikatoka navyo mkononi, nikakaa kibarazani mpaka saa yangu ya kurudi ilipofika, kisha nikaingia kwa kishindo, nikapiga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Kikoi kilikuwa kiunoni kwake, kimelowa pindo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi?"

"Nzuri." Nikaenda mpaka kwenye tangi, nikauinamia mwani uliokuwa mzima, mnene, wa kahawia, hauna hata ncha iliyopauka. "Baba, naona kama huu mwani umeanza kukataa."

Aliutazama mwani, akanitazama mimi. Kisha akajisogeza kitini, akasema kwa upole, "Itakuwa taa."

"Itakuwa taa," nikasema. "Nikurejeshe Ijumaa?"